Uso wa Shemeji

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, mguu wake mmoja umefungwa kwa tyubu kuukuu, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli ambaye mtaa mzima unamwita Spoku kwa wembamba wake. Kando yake kuna beseni la maji ya kutafutia pancha, na kila asubuhi hufika Mzee Buli na birika lake la kahawa. Wenyeji wa kudumu ni watatu. Daktari alilinda geti la hospitali miaka kumi na miwili, na tangu hapo hakuna dawa asiyoijua. Wakili aliwahi kushtakiwa mara mbili akashinda mara moja. Mabati ni mwezekaji wa mapaa, mtu ambaye hajawahi kusikia jambo akalipunguza. Asubuhi hiyo walikuwa na jambo. Mke wa Spoku, Shemeji yao, alikuwa hajapita hapo kwa siku tisa, naye ni mtu aliyekuwa akipita kila siku ya kazi saa moja na nusu, akielekea ofisi ya bima, akiwasalimu mmoja mmoja. Spoku mwenyewe alikuwa ameinamia gurudumu la baiskeli ya mama mmoja wa mashine ya kusaga, mgeni pale, aliyekaa mwisho wa benchi na unga kwenye nyusi akingojea pancha yake. Spoku alikuwa akiomba moyoni wazungumzie mpira.

Hawakuzungumzia mpira.

— Mimi nasema ana mimba, alianza Daktari. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Sasa kama hazai, mimba imetoka wapi? aliuliza Wakili.

— Si ndiyo maana nasema anaficha! Wewe sikiliza kwanza, ubishi baadaye.

— Mimba gani ya kujifungia siku tisa? alidakia Mabati. Shemeji amepandishwa cheo. Bima wana matawi kila mahali. Kapelekwa kuwa bosi, ana kiti cha kuzunguka na dereva wa kumfungulia mlango, na huyu bwana kaachwa na watoto.

— Watoto gani? aliuliza Daktari. Wale mabinti niliwaona juzi kwa mama yao mdogo, na mabegi yao ya shule.

Wote wakamgeukia Spoku. Alikuwa amechomoa tyubu na kuitia kwenye beseni, akiangalia povu linapotokea.

— Wamekwenda kutembea, alisema.

— Katikati ya muhula?

Wakili akashusha sauti, na sauti ya Wakili ikishuka husikika duka la tatu tu badala ya la tano.

— Jamani, tuweke vielelezo mezani. Mke haonekani. Watoto wametolewa nyumbani. Mapazia yamefungwa mchana kutwa, nimepita nimeona kwa macho yangu haya. Mume anafika kazini jua halijatoka na anaondoka wa mwisho. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

— Maana yake?

— Maana yake watu wameanza kuuliza huyu bwana amemfanya nini mkewe. Jana sokoni kuna mtu kaniuliza kama nimeona udongo umechimbwa uani.

Tyubu ikamtoka Spoku mkononi ikaelea kwenye beseni.

— Ameungua, alisema. Ameungua uso.

Mzee Buli akamimina kahawa kwenye vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

Ikabidi aeleze, maana neno likishatoka halirudi. Akaeleza akiwa ameinama, mikono ikikwaruza mpira kwa msasa, kwa sababu hakuweza kusema huku anawatazama.

Baada ya kumzaa binti wa pili, mkewe alitokwa na madoa meusi mashavuni na kwenye paji la uso. Hayakuwa yakiuma wala kuwasha. Alipaka poda miaka sita, maisha yakaendelea. Mwaka huu ofisi ikapata meneja mpya. Hata mwezi haukuisha, akamtoa mapokezi akampeleka chumba cha mafaili nyuma, kisicho na dirisha. Alimwambia wateja wanapenda kupokewa na sura changamfu. Jioni ile mkewe alikuja nyumbani akasimulia kama kichekesho, akaigiza na sauti ya meneja, akacheka. Spoku naye akacheka, kwa kuwa alimwona mkewe anacheka. Wiki haikupita, akaja na habari za saluni moja juu ya duka la viatu, wanakochubua ngozi ya zamani kwa dawa, na ngozi mpya inatoka chini yake kama ya mtoto.

— Nilimpeleka mwenyewe, alisema Spoku. Kwenye keria ya baiskeli. Alikuwa ananisimulia njiani atavaa nauli... sijui atavaa nini, Jumatatu akirudi kazini. Hata kusema siwezi vizuri. Gauni. Atavaa gauni gani.

— Endelea, kaka, alisema Mabati, kwa sauti ambayo hawakujua anayo.

— Mimi nikakaa nje, kwenye ngazi. Kuna pazia tu. Nikasikia anasema inachoma. Yule mama wa saluni akamwambia kidogo tu, dada, dawa inafanya kazi. Akasema tena inachoma. Yule mama akasema mvumilivu hula mbivu. Nikasimama. Nikafika kwenye pazia. Yule mama akachungulia akanicheka, akasema baba, urembo wa wanawake huuwezi, kaa chini. Nikakaa.

Akapaka gundi kwenye kiraka, akakipuliza ikauke.

— Mara ya tatu hakusema inachoma. Aliniita jina langu. Nami nilikuwa nimeshakaa.

Yaliyofuata aliyasema kwa mkato. Siku ile uso ulikuwa mwekundu na unang'aa, na yule mama akawaambia ndivyo inavyotakiwa. Usiku ukavimba hadi jicho la kulia likaziba. Siku ya pili wakaenda hospitali. Daktari wa ngozi, daktari wa kweli, aliuliza amepakwa dawa gani na kwa dakika ngapi, na hakuna aliyejua. Akampa marhamu na vidonge. Akamwambia asibandue gamba hata likiwasha namna gani, asikae juani, alale ameketi. Vidonda vitapona, alisema, lakini rangi na makovu hakuahidi. Siku ya tatu Spoku alikwenda saluni akakuta kufuli. Siku ya nne gamba likaanza kupasuka na kutoa maji. Siku hiyo binti mdogo aliingia chumbani bila kupiga hodi, akamwona mama yake, akakimbilia jikoni akajificha nyuma ya mlango. Mama mtu hakulia. Alisema tu, wapeleke kwa mdogo wangu, na kile kioo kitoe humu ndani.

Hapo kijiwe kikapata tena ulimi wake.

— Mpakeni dawa ya meno, alisema Daktari. Mimi nimekaa hospitali, najua. Ile baridi yake inavuta moto kutoka ndani. Na maji, maji mengi, usiku na mchana. Si wanasema maji yakimwagika hayazoleki? Basi ongeza mengine!

— Dawa ya meno kwenye kidonda? alidakia Wakili. Utamuua!

— Hayo waliyompaka saluni ni maji ya betri, alisema Mabati. Sikilizeni mimi. Nimeona tone la maji ya betri likitoboa bati jipya kama sindano. Hao watu wanayachanganya na manukato, basi. Na mmejiuliza zile ngozi wanazochubua zinakwenda wapi? Hakuna anayezitupa! Zinakusanywa kwenye ndoo za barafu, zinapelekwa kwa matajiri waliozeeka. Kuna mtu sasa hivi anatembea na shavu la Shemeji.

— Mabati, alisema Mzee Buli taratibu. Mume wake yuko hapa.

— Nasema tu.

— Dawa ni mahakama, alisema Wakili, akisimama. Tunashtaki saluni. Tunashtaki mwenye duka la viatu, ngazi ni zake. Tunashtaki meneja. Kuna picha ya mwanamke mlangoni, nusu ya uso nyeusi, nusu nyeupe? Ipo? Basi tunamshtaki na yule mwanamke. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tutawainamisha wote! Uso una fidia yake, kila shavu peke yake. Shahidi namba moja ni wewe Spoku, ulisikia kwa masikio yako.

— Nilisikia, alisema Spoku.

— Umeona? Kesi imekwisha hiyo!

— Kesi bila ushahidi wa dawa? alisema Daktari. Lazima tupate ile chupa. Tukivunja kufuli usiku...

— Na mimi nipitie juu ya paa, alisema Mabati. Paa lile nililiezeka mimi.

Walikuwa wamekwisha kugawana zamu za kulinda mlango wakati mama wa mashine ya kusaga alipokohoa. Hakuwa amesema neno tangu alipoketi.

— Samahanini, wajomba. Na mwenyewe anasemaje?

— Mwenyewe nani? aliuliza Wakili.

— Mwenye uso.

Wakili alimtazama Daktari. Daktari alimtazama Spoku. Spoku alikuwa ameshika pampu bila kujaza upepo. Alijaribu kukumbuka. Siku tisa alikuwa ameuliza, umemeza dawa? Uji umepoa? Nifunge pazia? Alikuwa akiuliza akiwa amesimama mlangoni, macho kwenye kikombe chenye mrija alichomletea, na akijibiwa ndiyo au hapana anaondoka. Usiku alilala kwenye mkeka, ameelekea ukutani, akijiambia anampa nafasi. Kisha anaamka kabla ya jua na kuja kunyoosha magurudumu ya watu. Hakuwahi kumuuliza jambo ambalo jibu lake lingezidi neno moja.

— Sijui, alisema.

Mzee Buli akainamisha birika. Zilitoka chenga tupu za kahawa.

Spoku akamkabidhi Mabati pampu, akamwambia ajaze mpira wa mama yule mpaka uwe mgumu, akanawa mikono kwenye beseni na kuondoka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hakuwahi kuiona njia ile ya nyumbani saa kama hiyo, na majirani waliokuwa wakifagia waliacha kufagia.

Chumba kilikuwa giza na kilinuka marhamu. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, taulo jepesi limefunika uso kutoka puani kwenda chini.

— Umesahau nini? aliuliza.

— Sijasahau kitu.

— Basi mbona umerudi?

Spoku akaketi ukingoni mwa kitanda. Mbao zikalia.

— Nimekuja kukuuliza. Wewe unasemaje?

Mkewe akaanza, polepole, midomo ikifunguka kidogo tu ili gamba lisipasuke.

— Nasema njaa inaniuma kuliko uso. Nimechoka na uji. Nasema nawataka wanangu, lakini sitaki waniogope. Nasema yule meneja nikimwona sijui nitafanya nini. Na wewe, nasema nilikuita.

— Nilisikia.

— Najua ulisikia. Niliona miguu yako chini ya pazia, ikifika, kisha ikirudi.

Alitaka kusema nisamehe, lakini neno lilimwia jepesi mno mdomoni, akaliacha. Mkewe naye hakulisubiri.

— Washa taa, alisema. Mimi jicho hili halijafunguka sawasawa, na kioo kimetoka. Tangu kitolewe sijui nina nini usoni. Daktari wa hospitali anasema inaendelea vizuri, mdogo wangu anasema inaendelea vizuri, na wote wanasema wakiangalia dirisha. Washa taa uniangalie, kisha uniambie ulichokiona. Usinidanganye.

Akawasha taa. Akaondoa lile taulo kwa vidole viwili, kwa sababu pembeni lilikuwa limegandia. Tangu kioo kitolewe hakuwa ameangalia, na sasa aliangalia. Alitamani kugeuka, akashika ukingo wa kitanda.

— Paji la uso, alisema, gamba limekwisha kutoka. Chini yake kuna rangi ya waridi. Si mbaya. Imelingana.

— Shavu?

— La kushoto limepasuka katikati, linatoa maji kidogo. Pembeni ni jeusi.

— Jeusi kuliko madoa yangu?

Spoku akaangalia tena.

— Kuliko madoa yako.

Mkewe hakugeuza uso. Alikuwa amefumba lile jicho moja zima, na amemsogezea uso wake mwangani kama mtu anayenyolewa.

— La kulia?

— La kulia... Spoku akainama karibu zaidi. La kulia ni baya. Chini ya jicho limekuwa gumu. Hapo nadhani patabaki kovu.

— Ukubwa gani?

Akapima hewani, bila kumgusa.

— Kama kidole changu gumba.

Nje, mtoto wa jirani alikuwa akilia kwa jambo lake mwenyewe. Mkewe akalipokea lile kovu, akilipima mahali litakapokaa. Kisha akautafuta mkono wa mumewe juu ya shuka, akaushika, ukiwa bado na harufu ya gundi.

— Bado kidevu, alisema. Endelea.