Shangazi Kimlian Hakupaswa Kushuka Barabarani

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya kubembeleza. Nimeombwa nimkumbuke Shangazi Kimlian kwa upole, kama ilivyo desturi ya kipindi hiki. Nitajaribu. Nikishindwa, mniwie radhi.

Shangazi Kimlian amefariki. Alikuwa na miaka sabini na tatu. Amefariki hapa hapa kwetu, Takua Pa, mji mkongwe, Jumatano ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, mvua ikinyesha. Hakuugua hata mafua. Aligongwa na gari barabarani. Lishikeni hilo neno, barabarani, maana mwanamke huyu ameutembea mtaa wetu maisha yake yote, na siku za mvua hakuwahi kukanyaga barabara hadi miaka hii ya karibuni.

Alizaliwa nyumba namba kumi na moja, enzi za machimbo ya bati. Mnazijua nyumba zetu. Kila moja ina baraza mbele, chini ya ghorofa, na baraza zote zimeungana kwa matao. Mababu waliotoka China waliiita ngo kha ki, njia ya futi tano. Mvua ikimwagika, unatoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho bila kulowa. Baba yake, mchimbaji asiyejua kusoma, alimfundisha jambo moja tu: "Baraza ni yako kwa kuifagia. Kwa kuipita, ni ya watu." Kimlian aliifagia. Aliifagia kila siku ya Mungu.

Bati likaisha. Vijana wakakimbilia hoteli za ufukweni. Kimlian akabaki. Mumewe alipofariki, aliweka vitanda vinane ghorofani, akapokea wasafiri wa mifuko mitupu: wanafunzi, walimu walio likizo, Wazungu wenye mikoba mikubwa kuliko wao. Wakimuuliza bahari iko wapi, aliwajibu, "Ufukwe ni wa wenye pesa. Mji ni wa wenye miguu. Vaeni viatu!"

Akawatembeza mwenyewe, bure, chini ya baraza. Binti yake, Orathai, ni mwalimu wa hesabu. Ameniambia hivi: "Mama aliwaanzia kwenye tambi za mchuzi wa samaki, kisha biskuti za tao so, zenye choroko ndani, zikiwa bado moto, kisha hekalu la Wachina. Mgeni akitoa simu kupiga picha kabla ya kula, alimpiga kikofi mkononi. 'Kula kwanza! Ukuta haukimbii, tambi zinapoa!'"

Basi, miaka mitatu iliyopita, Bwana Thanet akanunua nyumba namba tano. Mtu wa tabasamu. Mwezi wa kwanza, meza mbili barazani. Mwezi wa tatu, vyungu vya maua. Mwaka ulipogeuka, kioo chenye milango, kutoka sakafuni hadi darini, huku na huku. Baraza ya watu ikawa mkahawa wenye kiyoyozi. Mpita njia akifika pale, ashuke barabarani, azunguke, apande tena.

Na sisi? Tulishuka, wasikilizaji wapendwa. Tulishuka kwa adabu kabisa. Tuna neno letu, krengjai, kuona haya kumpa mwenzio usumbufu. Tunalisifu sana neno hilo. Tunawafundisha watoto wetu. Leo nalisema kwa mdomo mchungu.

Kimlian naye alianza kwa adabu hiyo hiyo. Alimpelekea Bwana Thanet sahani ya biskuti. Mtu wa mtaa huu akiletewa biskuti bila sikukuu, anajua amekosa, anajiuliza kosa gani. Bwana Thanet alishukuru, akazila. Akapelekewa ya pili. Akazila. Ya tatu akauliza kama shangazi angependa kumuuzia, azipange kwenye kabati la keki!

Siku hiyo Kimlian alirudi nyumbani bila kuuza hata moja. Kesho yake akamwendea bila sahani. Orathai alikuwepo.

"Mwanangu, toa kioo. Watu wapite."

"Shangazi, si hatua mbili tu barabarani? Shida iko wapi?"

"Shida iko kwenye magoti yangu. Nikuazime siku moja?"

Wateja walicheka. Bwana Thanet naye alicheka, akainamisha kichwa, akakutanisha viganja kifuani kwa heshima. Kioo hakikutoka.

Akalipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa mtaa. Alisimama peke yake. Watu ishirini na sita ukumbini, wote wakatazama vidole vya miguu. Mwenyekiti akasema, "Tusiharibu ujirani." Ujirani! Mtu amewafungia njia, na mwenye kuuliza ndiye anayeharibu!

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa najisema mwenyewe. Mwezi wa nne mwaka huu aliniandikia barua, hapa redioni. Ninayo mkononi. Ameandika: "Sitaki ugomvi. Mwambieni tu afungue, mvua zinakuja." Sikuisoma. Niliona haya kumwaibisha mtu hewani. Nikaiweka kwenye droo, na mvua zikaja.

Jumatano hiyo alikuwa na wageni wawili, Tum na Jiab, wanafunzi wa ualimu kutoka Khon Kaen. Walifika kwenye kioo. Jiab anasema, "Shangazi alituambia tusubiri. Alisema, 'Acha mimi nitangulie, nyinyi hamjaizoea barabara yetu.'" Akashuka. Gari la kuleta wageni kutoka hoteli za ufukweni lilikuwa likitafuta maegesho. Dereva hakuona kitu kwa mvua. Wageni waliokuwa garini walikuwa wamekuja kuona mji mkongwe.

Siku ya mazishi, jeneza lilitolewa namba kumi na moja. Wabebaji wakapita barazani, mpaka kwenye kioo. Pale wakafanya nini? Wakageuka, washuke! Wamebeba maiti wa barabara hiyo, na bado miguu ina adabu.

Orathai akapaza sauti. Sijawahi kumsikia mwanamke wa mtaa huu akipaza sauti namna ile. "Simameni! Mama yangu hashuki tena!"

Bwana Thanet akatoka, viganja vimekutanishwa. "Dada, pole sana. Ila ndani kuna wateja, wanakunywa kahawa..."

"Wamalizie. Tutasubiri."

Tukasubiri. Jeneza mabegani, dakika moja, mbili, tano. Hakuna aliyetazama vidole. Ndipo Tum na Jiab wakaingia ndani, wakaanza kubeba meza. Hawakuomba ruhusa. Wateja wakainuka na vikombe vyao, milango ikafunguliwa huku na huku, na Shangazi Kimlian akapita katikati ya keki na kiyoyozi.

Ningependa kuishia hapo, mfute machozi, tuweke muziki. Lakini Jumatatu milango ilifungwa tena. Meza zimerudi. Nimeziona.

Kwako Orathai, poleni sana, wewe na nyumba yote ya namba kumi na moja. Mama yako alisema kweli akiwa hai, na sisi tukangoja afe ndipo tumsikie. Nakuomba radhi, mimi wa kwanza, mbele ya wote wanaosikiliza.

Nanyi mlioko majumbani, tafakarini. Kila mmoja anayo sehemu anayoizunguka kimya kimya ili asimuudhi aliyeiziba. Jiulizeni nyuma yenu anafuata nani, na ana magoti gani.

Jana mvua ilinikuta pale kwenye kioo. Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kushuka, kwa mazoea tu. Nikaurudisha. Nikagonga. Hawakufungua. Kesho asubuhi nitagonga tena. Mkinikuta nimesimama pale, msinionee haya, wala msinizunguke. Simameni nami. Msishuke.