Mbadala ya Nini? Risala ya Kikundi cha Sanduku Moja kwa Mkaguzi

Mgeni rasmi, Bwana Enoch Anguzu, Mkaguzi kutoka mamlaka ya fedha huko Kampala, mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu, na majirani mliofuata harufu ya pilau:

Sisi, taasisi adhimu ya fedha mbadala, yenye mabawa juu ya mataifa matatu na kumbukumbu isiyogusa karatasi, tunayo heshima iliyotukuka kukupokea katika makao yetu makuu.

Makao makuu ni baraza hii ya Mama Margarita Candiru, hapa Onduparaka, pembeni mwa mji wa Arua. Taasisi ni wanawake ishirini na watano, wanaume wawili na sanduku la bati. Kiti ulichokalia tumekiazima kanisani na kinatakiwa kurudi saa kumi.

Jina letu halisi ni Kikundi cha Sanduku Moja, Onduparaka na Koboko. Anayesoma risala hii ni Shakira, mwanafunzi wa Senior ya tatu aliye likizo, mjukuu wa mwenyekiti wetu Mama Kulusum. Alichaguliwa kuiandika kwa sababu anasoma shule ya bweni, na wanachama wanaamini kuwa mtoto aliyekula ugali wa posho na maharage miaka mitatu lazima awe ameokota maneno makubwa njiani.

KUKARIBISHA

Karibu sana. Utusamehe kama sauti yetu iko chini. Wewe ni mgeni wa nne mwaka huu. Wa kwanza alikuja na bango, akapiga picha na bango lake, akaondoka nalo. Wa pili alitupa semina ya siku mbili na kalamu zisizoandika. Wa tatu walikuwa vijana wawili wa ofisi yako, mwezi wa sita, na hao walitupa kitu kinachodumu: utepe wa karatasi wenye muhuri, walioufunga kuzunguka sanduku letu. Upo hadi leo. Panya amejaribu kuula akaona hauna ladha.

Hatuna chuki na wageni. Tumechoka tu.

TULIKOTOKA

Mwaka wa kumi na moja wa karne hii Mama Margarita alikwenda benki mjini Arua kuomba mkopo wa kununua mihogo mikavu kule Adumi. Karani akamwambia alete dhamana inayoonekana. Mama Margarita ni mtu wa kutii. Kesho yake alifika na mbuzi wake, jike, mwenye mimba, akamfunga kwenye mlango wa vioo.

Askari akamuuliza, "Mama, hii nini?"

"Dhamana. Haionekani?"

"Benki hapana chukua mbuzi."

"Mwambie karani atazame vizuri. Iko mbili. Ingine iko ndani ya tumbo."

Alirudi nyumbani na mbuzi wake. Jioni hiyo wanawake tisa walikuja kumcheka, na walipochoka kucheka kila mmoja alitoa shilingi elfu mbili, wakamkopesha. Hiyo ndiyo historia yetu yote. Yule mbuzi alizaa mapacha, kwa hiyo benki ilipoteza zaidi ya ilivyojua.

Baadaye wenzetu wa Koboko wakaingia, wanaouza vitenge na mitumba hadi mpakani. Tukanunua sanduku lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja uko kwa Mama Margarita hapa Onduparaka, wa pili kwa Mama Kulusum Koboko, na wa tatu ulikuwa kwa katibu wetu, Mzee Pitia, pia wa Koboko. Sanduku halifunguki mpaka Arua na Koboko wakutane. Ndiyo maana hatujawahi kuibiwa, na ndiyo maana Mama Kulusum anajua kila shimo la barabara kwa jina.

TULIYOFANIKIWA

Tumesomesha watoto, tumeezeka mabati, tumezika watu wetu bila kupita na kikapu barabarani. Lakini tunalojivunia zaidi ni kukumbuka. Wengi wetu hatukuketi shule sana, kwa hiyo hatutegemei daftari. Kabla sanduku halijafungwa, wote tunasimama na kutaja kwa sauti kilichobaki ndani. Jumamosi inayofuata, kabla halijafunguliwa, tunataja tena. Ukikosea, faini shilingi mia tano. Kwa miaka hii yote daftari la Mzee Pitia limekosea mara mbili. Sisi hatujakosea.

DUNIA NA SISI

Mgeni rasmi, barua ya ofisi yako, iliyokuja pamoja na utepe, inasema kuwa tunafanya "fedha mbadala". Mzee Pitia alipotusomea neno hilo kwa mara ya kwanza, Mama Margarita alidhani tunashtakiwa kwa kubadilisha faranga za Kongo. Wengine walidhani ni noti bandia. Tulipoelezwa kwamba maana yake ni fedha isiyopita benki, Mama Margarita aliuliza:

"Mbadala ya nini? Ya kwanza iko wapi?"

Jibu tunakuachia wewe.

Hata hivyo tumejaribu kuelewa. Mwandishi wetu amesoma kwenye simu kwamba duniani watu wengi wameondoka mlangoni pa benki, kama sisi na yule mbuzi. Wengine wanachangishana kwa mtandao na watu wasiowajua, wengine wanakopa kwa kubonyeza simu. Kule China kampuni za kukopeshana kwa mtandao ziliota kwa maelfu kama uyoga. Nyingine zilikuwa na sumu, zikatoroka na akiba za watu, na serikali ikazing'oa karibu zote. Kwa majirani zetu Kenya, wakopeshaji wa simu waliwahi kuwapigia wakwe wa mdaiwa ili kumwaibisha, mpaka sheria ikatungwa. Mama Kulusum aliposikia la wakwe alisema, "Hapo serikali imefanya kazi. Mutu anapigia mukwe simu? Huyo afungwe."

Kwa hiyo hatupingi sheria. Fedha za watu zinahitaji jicho. Tunasema tu kwamba sheria iliondoka Kampala kumtafuta mamba, ikafika hapa ikamkuta mjusi, na sasa inamdai mjusi leseni ya meno.

CHANGAMOTO

Barua inatuweka katika daraja la wakopeshaji wa mtandao wanaovuka mipaka. Daraja hilo linataka mtaji ambao tukiuza sanduku, baraza, Mama Margarita na timu nzima ya mpira ya Onduparaka hatuufikii. Mpaka tuwe nao, sanduku lisifunguliwe.

Mgao wetu ulikuwa mwisho wa mwezi wa sita. Wa Adumi na Dadamu walitaka kununua mbegu za ufuta. Mvua ilikuja kwa wakati wake, haikusoma barua, ikapita. Sasa wengine wamekopa kwenye simu, kwa riba ambayo ofisi yako inaijua kuliko sisi. Tuone ajabu: sanduku lililofungwa ili tulindwe limetusukuma huko huko tunakolindwa nako.

Kuna jambo zito zaidi. Fomu ya usajili, ambayo ofisi yako ilivitaka vikundi vijaze kwa simu, ilikwenda na jina la Mzee Pitia, kwa sababu yeye ni katibu. Barua iliporudi, watu walisema Mzee Pitia ametuuza. Walisema ameandika makubwa ili apewe cheo. Yeye alisema jambo moja tu: "Mimi hapana andika hii." Hakuna aliyemwamini. Tulimnyang'anya ufunguo. Sisi, tuliokaa naye miaka kumi na miwili, tulimnyang'anya ufunguo mbele ya wajukuu wake.

Kwa kanuni yetu, asiyefika anatozwa faini. Basi Mzee Pitia bado anatoka Koboko kila Jumamosi, anakaa pale nje kwenye tofali karibu na pipa la maji, na mkutano ukiisha anaondoka. Yuko pale sasa. Ukigeuka utamwona.

Nasi tunaendelea kukutana. Sanduku halifunguliwi, lakini tunasimama, tunataja kilichomo, tunakaa. Wiki kumi sasa, hesabu ile ile. Ni kama kumwita mtu aliyelala na asiyeamka.

MAOMBI

Tunaomba utepe utolewe.

Tunaomba katika sheria zenu pawe na kimlango cha mjusi: kikundi cha watu wanaojuana, kinachoandikishwa hapa hapa, kwa gharama ya kuku na si ya ng'ombe.

Tunaomba usituahidi semina.

Ombi la nne lilikuwa: "Mzee Pitia asamehewe kosa lake." Limefutwa. Sababu iko hapa chini.

NYONGEZA

Mgeni rasmi, kwa desturi yetu hakuna risala inayosomwa kwa mgeni kabla wanachama hawajaisikia. Jana mchana hii iliyo mbele yako ilisomwa hapa barazani. Haikuwa imefika mbali. Kwenye sentensi ya kwanza, Mama Kulusum aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Mwandishi akarudia: yenye mabawa juu ya mataifa matatu na kumbukumbu isiyogusa karatasi.

"Hii mabawa," Mama Kulusum alisema, "mimi najua hii mabawa. Iko kwa barua."

Mwandishi akasema labda ni bahati tu, maneno hukutana.

"Maneno inakutana, ndiyo. Lakini mabawa juu ya nchi tatu, na kumbukumbu hapana gusa karatasi? Pitia alisoma hii barua kwetu mara nyingi, tukashika yote." Akawageukia wenzake. "Semeni."

Wakasimama wote, kama wanavyosimama kwa sanduku, wakaitaja aya ya pili ya barua yako kwa moyo, mahali ambapo ofisi yako ilinukuu fomu yetu. Hawakukosa neno. Maneno yalikuwa yale yale, na mpangilio ule ule, na majivuno yale yale.

Mama Margarita akasema taratibu, "Ndege ya mabawa hii iko moja tu. Na inasoma bweni."

Kisha Mama Kulusum, bibi yangu, akaniambia: "Risala isibadilike. Acha yote. Lakini kutoka hapa, toa 'sisi'. Weka 'mimi'."

Basi mimi.

Mimi ndiye niliyejaza fomu, likizo ya mwezi wa tano. Miwani ya Mzee Pitia ilikuwa imevunjika, akanipa simu akasema, "Mwanangu, andika ukweli, mimi nitaamini." Mimi nilikuwa na uvivu na nilitaka kuwachekesha wenzangu wa bwenini. Fomu ilipouliza nchi tunazofanyia kazi, niliandika mabawa juu ya mataifa matatu, Uganda, Kongo na Sudan Kusini, kwa sababu mama zetu hununua Ariwara, upande wa Kongo, na huuza mpakani mwa Sudan Kusini. Ilipouliza teknolojia, niliandika: kumbukumbu isiyogusa karatasi. Ilipouliza idadi ya wateja, niliandika watu wote wa Onduparaka siku timu ikishinda, nikakadiria elfu arobaini. Hakuna neno moja hapo ambalo singeweza kulitetea, na fomu nzima ni uongo. Kisha nikaweka jina la Mzee Pitia na kubonyeza.

Barua iliporudi nilikuwa shuleni. Niliporudi likizo hii niliambiwa Mzee Pitia ametuuza, nikamwona kwenye tofali. Nilinyamaza wiki mbili. Nilimpelekea maji mara moja. Aliniambia, "Asante, mwanangu. Soma kwa bidii." Hata baada ya hapo nilinyamaza, nikaandika ombi la nne, la kumsamehe kosa langu.

Jana usiku bibi hakunipiga. Alisema tu amechoka, akalala bila kula. Afadhali angenipiga.

Mgeni rasmi, mimi naomba mambo mawili. Fomu ile ifutwe, na nyingine ijazwe hapa mbele yako, Mzee Pitia akisema na mtu mwingine akiandika. Na katika majalada yenu, palipo na jina lake, liandikwe langu. Faini ya kusema uongo mbele ya sanduku ni elfu mbili. Nimelipa, hawana pa kuiweka, kwa hiyo Mama Margarita ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Mungu akurudishe Kampala salama, na akulainishie barabara na pia moyo.

Tunamalizia kama kila Jumamosi, kwa kutaja kilichomo. Zamani aliyeanza alikuwa katibu, na wengine wakafuata. Mzee Pitia, wanachama wanakuomba utoke kwenye tofali uje hapa mbele uanze. Ufunguo wako uko mezani. Mimi nitanyamaza, kwa sababu kwa leo mimi simo katika "sisi".

Ni sisi,
Kikundi cha Sanduku Moja, Onduparaka na Koboko.

Na pembeni, mimi, Shakira.