Mwalimu Felician Bura na Maombi ya Wafu wa Misri

Padri, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji, mimi ni Hermani, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Mwalimu Felician alizaliwa tarehe 4 Machi 1927, Masieda, mtoto wa tatu wa mzee Bura Margwe aliyeongoza maombi ya mvua, akasoma shule ya misheni Mbulu, akahitimu ualimu mwaka 1948, akafundisha Masieda hadi alipohamishiwa Getanuwas mwaka 1963. Tarehe 8 Julai 1953 alifunga ndoa na Verdiana, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Zita, aliyefariki kwa surua mwaka 1964 akiwa na miaka saba.

Mwaka huohuo padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alimwachia kitabu cha maombi ambayo Wamisri wa kale waliwaandikia wafu wao, naye akaanza kukitafsiri kwa Kiswahili, akitaka kujua kama watu hao walifahamu mtoto akifa anakwenda wapi. Alijaza madaftari kumi na moja, akaagiza vitabu vingine viwili, lakini kila alipofika penye jambo lenyewe wataalamu walipingana, mmoja hivi, mwingine vile, wa tatu ameacha nafasi tupu, na sisi nyumbani tukamcheka, tukamwita Farao.

Mwaka 1974, tukihamia kijiji cha Ujamaa, alikuta katika mizigo daftari ambamo yeye mwenyewe zamani aliyaandika maombi ya mvua ya baba, akaona ameandika maneno ya baba peke yake, akaacha maitikio ya watu akidhani ni kelele tu, wakati kwetu ombi lisiloitikiwa si ombi. Baba alikwisha kufa, waitikiaji wametawanyika, akawafuata hadi Yaeda Chini na kurudi mikono mitupu, na hata mimi niliyeitikia ujanani nilikuwa nimesahau, jambo linaloniuma mpaka leo. Alimwambia shemeji Verdiana kwamba aliyeshindwa kulielewa ombi la baba yake mzazi hatawaelewa Wamisri kamwe, na hakuandika tena.

Alianza kuugua ini Novemba 1975, akafariki hospitalini tarehe 19 Februari 1976, saa nne asubuhi, akiwa ametuomba tusitamke kaburini kwamba anakwenda kuonana na mwanawe, kwa sababu alilitafuta hilo miaka kumi asilipate.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliochimba kaburi katika mvua hii.

Kaka, pumzika, kuhusu Zita hatutasema neno.