Mzee Nene na Herufi Zake Zenye Visigino

Ndugu, jamaa na majirani, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea safari ya ndugu yetu ambaye nyote mlimwita Mzee Nene, ingawa mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito, na unene ulikuwa wa herufi zake.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala, katika chumba kilichopakana na karakana ya baba yake, akaanza shule mwaka 1959 ng'ambo ya reli, ambako alikula viboko vingi kwa kuchora pembezoni mwa madaftari, akamaliza darasa la nane mwaka 1966.

Januari 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama mfagizi, na baada ya miaka miwili akakabidhiwa meza ya kupanga herufi. Wakati huo macho ya mama yake yalianza kufifia, akawa anaupita mlango wa zahanati bila kuujua, hivyo mwaka 1977 marehemu alichukua vipande vya mbao vya baba yake akachonga herufi kubwa, zenye mashina manene na viungo vyembamba, kila moja na visigino vipana vya kusimamia, akachapa nazo kibao kipya cha zahanati, na mama akakisoma akiwa upande wa pili wa barabara, akalia. Tangu hapo herufi hizo zilitapakaa kila mahali, madukani, kwenye mabango ya mpira, kwenye vyeti vya shule na juu ya milango ya hospitali.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na mshona sare, huyu mjane wetu aliyeketi hapa mbele, na kadi za harusi alizichapa kwa herufi zilezile, hadi mama mkwe akauliza kama anaalikwa harusini au anaitwa kituo cha polisi. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2009 binti yao, kitindamimba, aliziingiza herufi za baba kwenye kompyuta, kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo presha ya marehemu ilipoanza, maana sasa kila mtu aliweza kuzivuta zijaze kibao, au kuzibana zienee, na umbo alilolichonga likaharibika. Binti alijilaumu sana. Baba alimwambia hana kosa, lakini aliumia, na sisi tulijua.

Alianza kuugua figo Mei 2022, akalazwa tarehe 3 Februari 2024, na kitanda chake kilipopitishwa chini ya kibao cha wodi ambacho herufi zake zilikuwa zimevutwa, alimshika binti mkono akasema, "Mwanangu, jina langu ni fupi, liacheni fupi, msinivute." Alifariki tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupa viti na bega la kulilia, na wenzake wa kiwandani. Tunaomba radhi pia kwa ibada kuchelewa saa nzima, kwani ratiba za ibada zilifika asubuhi hii jina la marehemu likiwa limevutwa ukingo hadi ukingo, na binti yake akazirudisha zote, akakaa mwenyewe kwenye kompyuta ya mchapaji hadi likawa sawa. Nafasi tupu mnayoiona kandokando ya jina kwenye ukurasa wa mbele wa ratiba si kosa, ameiacha yeye.

Pumzika kwa amani, Mzee Nene, kwa upana wako uleule.