Dirisha Alilolipenda Mwalimu Laurian

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu mlio shambani na mlio jikoni. Ongeza sauti kidogo, mama, uji hautaungua. Leo tunamkumbuka Mwalimu Laurian Mughwai, mwalimu wa sanaa, mzaliwa wa upande wa Mtinko, aliyetutoka mwezi uliopita. Nawaambia mapema, kumbukumbu hii si nyepesi. Nimekaa na mjane wake, Mama Klara, akanisimulia yote.

Mwalimu Laurian alifundisha kuchora. Hilo peke yake lilitosha watu kumcheka. Nchi ya mtama na alizeti, mtu mzima anafundisha kuchora! Kilichozidisha utani ni kwamba alipenda mno kazi za wasanii na wabunifu wa Uingereza. Akiwa chuo cha ualimu alikuta maktabani vitabu vya picha vimejaa vumbi, na moyo wake ukabaki humo. Vitambaa vilivyochapwa majani na matunda. Viti vya mbao visivyo na hata kipande cha ziada. Mabango ya treni. Herufi za vibao vya stesheni, zilizochorwa ili mwenye haraka asome bila kusimama.

Aliwaonyesha wanafunzi wake picha hizo, akawaambia, "Kila kitu unachokishika, kuna mtu alikaa akakifikiria. Mheshimu mtu huyo."

Wenzake wakambandika jina, Mzungu wa Mtinko. Hakukasirika. "Mahindi nayo yalitoka mbali," alikuwa akiwajibu, "mbona ugali mnaumaliza?"

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa kitabuni. Ilikuwa kanisani kwao. Dirisha la kioo cha rangi, lililotengenezwa na fundi wa Kiingereza ambaye jina lake hakuna anayelijua, likaletwa na wamisionari zamani. Vipande vidogo vidogo vya kioo, vimeshikanishwa kwa risasi, yale madini laini. Mwanamke amepiga magoti kisimani, anachota maji. Jua la asubuhi likipiga pale, sakafu nzima inajaa rangi. Mwalimu alikuwa anafika ibadani kabla ya kengele, aiwahi sakafu ile.

Mama Klara hafichi. Yeye hakulipenda. "Nilikuwa namwambia, Baba Esta, Mungu hakai kwenye kioo."

Basi wasikilizaji wapendwa, kanisa likaamua kujenga upya. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Simeoni, akasema waumini wanataka kanisa la kisasa, na madirisha ya aluminiamu. Mwalimu Laurian alisimama mbele ya kamati, na ndevu zake nyeupe, akalia. Wengine walitazama chini. Wengine, Mungu awasamehe, walicheka.

Na hapa sikilizeni vizuri. Wakati huo Mwalimu alikuwa na presha ya macho. Daktari alishamwambia kwamba macho yataendelea kufifia mpaka giza. Alibaki na haja moja tu duniani: dirisha lile lisimame tena, kwenye ukuta wa shule ya msingi ya kijiji, watoto walione, na yeye alione, kabla macho yake hayajazimika. Mwalimu mkuu alikwisha kukubali. Nairudia, alitaka alione kabla ya giza.

Kamati ikamwambia, "Lichukue mwenyewe." Akalitoa taratibu, yeye na Enock, fundi seremala. Vioo wakavipanga ndani ya viroba vilivyojaa maganda ya alizeti kutoka kinuni, maana maganda ni laini, hayaumizi kioo. Viroba wakavilaza stoo, nyumbani kwa Mwalimu.

Mama Klara hakuwepo. Alikuwa Singida mjini, kwa binti yao Esta aliyekuwa amejifungua. Aliporudi akaviona viroba, akauliza. Mumewe akamjibu, "Maganda tu hayo."

Kwa nini alimficha? Nilimuuliza mama. "Tuligombana sana kwa ajili ya lile dirisha," alisema. "Aliogopa nitamwambia atoe takataka zake ndani ya nyumba yangu. Na ningemwambia kweli."

Sasa, ninyi wa kwetu mnajua jinsi kanisa linavyojengwa. Waumini wanafyatua matofali, wanapanga tanuru, kisha kila nyumba inachangia cha kuchomea. Huyu kuni, yule maganda. Akina mama walipopita kukusanya, Mama Klara alifurahi. Tangu mumewe agombane na kamati, alikuwa anasalimiwa kwa shingo upande. Leo amepata pa kurudishia undugu. Akafungua stoo, akasema, "Chukueni yote."

"Mbona vizito hivi?" aliuliza mmoja.

"Labda vimeingia unyevu," alijibu mama.

Viroba vikasukumwa vizima vizima kwenye midomo ya tanuru. Wakaimba, wakawasha.

Mwalimu alikuwa amekwenda mjini kliniki ya macho. Alirudi jioni na bodaboda, moshi akauona kwa mbali, akasema vizuri, matofali yanaiva. Akaingia nyumbani. Akaenda stoo.

"Sijawahi kusikia mtu mzima akitoa sauti ile," anasema Mama Klara. "Nikajua kabla hajaniambia."

Alikimbia mpaka kwenye tanuru. Akataka kuingiza mikono. Enock alimshika kiunoni, Mzee Simeoni akamshika miguu, wote wanalia sasa, hata aliyecheka siku ile. Lakini tanuru likishawaka, nani wa kulizuia? Lilipopoa wakakuta mabonge ya kijani na meusi yameganda kwenye matofali. Matofali hayo yako ukutani mwa kanisa leo.

Mwalimu hakumlaumu mkewe hata mara moja. Mama anasema afadhali angemlaumu. Alikaa kitandani ameelekea ukutani. Chakula hataki. Giza likaingia machoni mapema kuliko daktari alivyosema. Nyumba ile ilikata tamaa, wasikilizaji wapendwa, sina namna nzuri ya kulisema.

Siku moja akasema, "Mama Esta, nisimulie dirisha."

Mama akashtuka. Miaka yote amekaa chini ya dirisha lile, hakuwahi kulitazama. Akaanza kubahatisha. Kanga ya yule mwanamke, bluu. Mwalimu akasema, "Kijani." Mtungi, mwekundu. Akasema, "Ndiyo." Ikawa kila siku, anakosea, anasahihishwa kwa upole. Aliposikia mumewe anapumua vizuri, mama akaongeza maneno ili simulizi isikatike. Akaweka mawingu. Akaweka ndege kwenye ukingo wa kisima, ndege mdogo wa manjano, anakunywa maji.

Mwalimu akasema, "Hapakuwa na ndege."

Mama akaomba radhi, akilia.

"Hapana, mwache," Mwalimu alisema. "Yule fundi angempenda. Amekaa mahali pake."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho. Asubuhi yake Mwalimu Laurian hakuamka.

Mama Klara, pole sana. Esta na familia yote ya Mughwai, poleni. Kipindi hiki kinalia pamoja nanyi, na Mungu awape nguvu ambazo sisi hatuna za kuwapa. Nanyi wasikilizaji wapendwa, ndani ya nyumba yako kuna mtu anapenda kitu ambacho wewe hukielewi. Usingoje kielezwe. Nenda ukae naye, mkitazame pamoja leo, wakati bado kipo na yeye bado anaona.