Fungua Madirisha, Mama Neema

Bwana asifiwe, wapendwa! Semeni amina kwa nguvu, maana mimi niliyesimama hapa nilikuwa wa kuzikwa pamoja na mwanangu.

Ndugu zangu, mnamjua mume wangu, Baba Neema. Ana digrii ya uhandisi, lakini hapa Edmonton alikuwa akibeba maboksi ghalani. Akaomba nafasi ya utafiti wa udaktari, ile PhD, katika chuo kikuu kimoja Sweden: namna ya kupasha nyumba joto bila kuharibu dunia. Kule anayesomea PhD hulipwa mshahara kama mfanyakazi. Wakamwita kwenye usaili.

Siku zilezile nyumba yetu ikabadilika. Naamka kichwa kinagonga, miguu mizito. Neema akawa anasimama mbele ya kabati la boila, ule mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, anaongea na ukuta.

"Unaongea na nani?"

"Babu," akanijibu kwa Kiingereza chake. "Anasema tulale."

Babu zake wote wawili wako Mbeya!

Nikamwita dada mmoja wa maombi, tulimwita Mtumishi. Akafumba macho sebuleni. "Hili pepo limetoka Sweden, linamtaka mumeo. Ziba kila ufa, lisiite wenzake!" Tukaziba madirisha kwa selotepu, hata vitundu vya hewa ukutani, tukapaka mafuta ya upako. Baba Neema akaondoka kwenda Sweden kwenye usaili, nimemnunia.

Mchana wa usaili nilikuwa chini kwenye zulia, Neema kifuani. Jua liko dirishani, lakini pembe za chumba zina giza. Pale kwenye kabati nikaona mguu wa mwanamume. Mguu tu, na soksi ya kijivu. Usingizi ukawa mtamu, ndugu zangu, mtamu mno! Simu ikalia. Ikakatika. Ikalia tena. Nikatambaa.

"Mama Neema! Fungua madirisha! Toka nje na mtoto!"

"Una wazimu? Mtumishi amesema..."

"Achana na Mtumishi! Toka!"

Kumbe kule kwenye usaili profesa alikuwa akimweleza kwamba nyumba ikizibwa sana ili itunze joto, hewa ya boila mbovu huua. Haina harufu. Kwanza kichwa, kisha usingizi, kisha unaona watu. Baba Neema akaukimbia usaili wake kutafuta simu!

Nikavunja kioo kwa sufuria ya ugali, tukatoka. Jirani, mama wa Kijamaika, akamfunika Neema kwa koti lake. "Hawakukwambia?" akaniuliza. "Mzee aliyekaa humo kabla yenu alifia usingizini, kwenye kiti, kando ya hilo kabati."

Sikuthubutu kumwuliza soksi zake zilikuwa rangi gani.

Mwenye nyumba alijua! Akapaka rangi kuta, akachukua kodi yetu, boila akaiacha! Nimemsamehe? Bado. Niombeeni. Na Mtumishi asinisogelee.

Baba Neema alirudi kwenye chumba cha usaili jasho likimtoka, akawaeleza, wakamsubiri atulie. Nafasi ameipata, tunahama wote. Jana tulikwenda kwenye nyumba ile kuchukua mizigo, Neema akalipungia mkono lile kabati. "Babu anasema tuondoke," akasema. Tukaondoka, mabegi mengine tumeyaacha hukohuko.

Asante Yesu! Ndugu yangu, mtegemee Mungu aliyeiliza simu ile mara ya pili. Lakini leo ukifika nyumbani, kabla hujapiga magoti, fungua dirisha.