Nani Anamsubiri Garuto?

Benchi letu liko nje ya duka la mashine za kufulia, hapa Kiryu, Japani, ubavuni mwa mashine inayouza kahawa za kopo. Mimi ndiye mtunza duka, wananiita Povu. Jumamosi asubuhi, nguo zikizunguka humo ndani, sisi tunabishana juu ya riwaya moja tu, ya mwenzetu Shinohara, tunayemwita Mtunzi. Ni zile riwaya nyepesi za mfukoni, zenye katuni jaladani. Fundi bomba aitwaye Garuto anaangukia dunia nyingine inayoendeshwa kama gemu, yenye joka la kuuawa, na eti nguvu zake zikipanda ngazi za kutosha, mlango wa kurudi kwao utafunguka. Sura mpya hutoka mtandaoni Ijumaa. Jumamosi hiyo Mtunzi alikuwa amejikunyata kwenye koti lake, kahawa imempoa mkononi.

— Sura ya jana ovyo! alianza Bosi, dereva wa basi mstaafu. Mwanzo mpaka mwisho jamaa anatazama mvua. Nguvu hazijapanda hata chembe.

— Mzee, usinichefue, alisema Machozi, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Mvua ile ndiyo iliyonimaliza. Si anawaza kwao?

— Sasa joka litakufa kwa kuwaziwa?

— Kwani wewe unasoma riwaya au mita ya umeme?

— Nasoma kitu kinachoeleweka! Mtu akipigwa, nguvu zishuke. Akila, zipande. Mtunzi, mpe upanga wa radi.

— Mpe mtu wa kuongea naye, masikini.

— Mpe pango la ghorofa mia, kila ghorofa na jitu lake!

— Basi joka limpende.

— Joka?!

— Ndiyo, joka! Halina moyo?

Mimi nikachomekea kwamba dunia yenyewe iwe mashine ya kufulia, Garuto azungushwe humo mpaka atakate. Wakanitazama kama mtu aliyekunywa sabuni.

— Mhariri yuko upande wa Bosi, alisema Mtunzi taratibu. Anataka ngazi, silaha, ujuzi mpya. Anasema wasomaji wanapenda kuona namba zikipanda. Na Garuto asifike kwao, maana akifika tu, riwaya imekwisha.

— Na wewe mwenyewe unatakaje? nikamuuliza.

Akalizungusha kopo lake mkononi. Ndipo akatoka mama mmoja aliyekuwa ndani akisubiri mablanketi yake yakauke. Hatukumjua. Alinunua kahawa, akainama kidogo kutusalimu.

— Samahanini, nimewasikia bila kukusudia. Huyo Garuto, kwao anasubiriwa na nani?

Bosi hakujua. Silaha zote za Garuto anazijua, hata zilizovunjika. Machozi, aliyelia karibu kila sura, akanigeukia mimi. Nami nimeisoma riwaya ile tangu ilipoanza, nikabaki natazama viatu vyangu.

— Mkewe, alisema Mtunzi. Alikuwepo mwanzoni kabisa. Mhariri akaona anachelewesha gemu, nikamtoa.

— Si umrudishe tu, kaka? alisema Machozi.

— Pango la ghorofa mia naweza kuliandika sasa hivi, hapahapa. Ila mlango ukifunguliwa, na yeye amesimama pale... Sijui atasema nini.

Hakuna aliyemtania. Habari za Yoriko, mke wa Mtunzi mwenyewe, sote tulikuwa nazo. Alikwenda Aomori, mbali huko kaskazini, kumuuguza mama yake. Mama akafariki, theluji ikayeyuka, ikaanguka tena, naye hakurudi. Hawakugombana. Mwaka Mpya wanapigiana simu, wanaulizana baridi ikoje huko.

— Umeshawahi kumuuliza kama anarudi? alisema Bosi. Sauti ilikuwa imemshuka.

— Hapana.

— Na kumfuata?

— Nilikuwa nangoja nimalize kitabu.

Yule mama akatutakia siku njema, akaingia kukunja mablanketi yake. Mtunzi naye akaondoka bila kuaga.

Ijumaa iliyofuata hapakuwa na sura. Wala iliyofuata. Wasomaji wakachachamaa mtandaoni, Bosi akiwamo, anatukana kwa jina la kubuni tunalolijua wote. Machozi akapita nyumbani kwa Mtunzi, akaambiwa na jirani kwamba alionekana na begi akielekea stesheni.

Maua yalikuwa yameanza kuchanua ndipo sura ikatoka. Fupi ajabu. Haina joka, haina hata namba moja. Garuto anafika mlangoni kwao, viatu vimejaa tope, anabisha. Mlango unafunguliwa.

“Umekonda,” anasema mkewe. “Vua viatu. Supu bado ina moto.”

Basi. Riwaya ikaishia hapo. Bosi aliisoma kwenye simu akiwa amesimama, akarudia toka mwanzo.

— Katunga au kasikia? aliuliza Machozi.

— Kasikia, alisema Bosi. Yule hajawahi kutunga kitu kifupi hivyo maisha yake yote.

Mtunzi hajarudi Kiryu mpaka leo. Tumemfurahia, wallahi tumemfurahia. Ila Jumamosi tunakaa watatu, hatuna sura ya kugombania, Bosi anaongelea mvua na Machozi anamwitikia. Na akija mteja kutaka kukaa karibu yetu, tunasogeana sisi, ile nafasi ya Mtunzi haikaliwi.